Bundi kazalia darini, vifaranga wanakoroma usiku kucha na mama mkwe anasema lazima msiba utoke. Nifanyeje?

"Habari mtaalamu. Tunaishi Kihonda, Morogoro, kwenye nyumba yetu wenyewe, tulihamia mwaka jana ila pembeni kule juu hatujamalizia fisha bodi, kuna upenyo mkubwa. Kama wiki tatu sasa usiku darini kuna sauti kama mtu anakoroma au nyoka anapuliza, inaanza saa moja jioni mpaka alfajiri. Mume wangu kapanda na tochi kakuta vifaranga wanne wa bundi, weupe, sura kama ya mtu, na hawalingani ukubwa. Mama mkwe yuko hapa anatusaidia maana nina mtoto wa miezi minne, na tangu ajue, hata chakula hali vizuri, anasema bundi akizalia nyumbani lazima msiba utoke. Ameanza na kumtaja bibi mmoja jirani kwamba ndiye kawatuma. Jirani mwingine kanishauri nipake sumu ya panya kwenye nyama nirushe darini. Fundi anasema Jumamosi aje azibe kote. Mimi kuua sitaki lakini kiukweli naogopa. Panya tunao wengi, mwezi uliopita tuliweka sumu. Je hawa ndege wana madhara kwa mtoto, na niwatoe vipi?"

Dada yangu, kwanza hongera ya mtoto, na pole ya usingizi, maana wa miezi minne peke yake anatosha kukukesha kabla hujaongezewa wengine wanne darini. Nianze na jibu fupi ili hata ukiishia hapa uwe na cha kufanya. Fundi mwambie Jumamosi asije. Nyama ya sumu usirushe, na ile sumu ya mwezi uliopita kama bado imebaki kona yoyote iondoe leo hii. Mtoto wako hayuko hatarini kwa sababu ya hao ndege. Vifaranga wamebakiza kama mwezi, ikizidi sana mwezi na nusu, wataruka wenyewe, na wakishaondoka kabisa ndipo unaziba. Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo, maana najua ukimwambia mama mkwe "mtaalamu kasema tusubiri" bila maelezo hutafika mbali.

Hao uliowaelezea ni bundi wale weupe wa usoni, sura yake ina umbo kama la moyo, anayependa kukaa kwenye majengo, madarini, maghala, minara ya makanisa. Sio wale wa mtini wanaoguna. Huyu haguni kabisa, mkubwa akilia ni mlio mmoja mkali wa kukwaruza unaokata usiku, ukiusikia mara ya kwanza lazima mwili usisimke hata kama wewe ni mtu wa sayansi. Na hiyo ya kukoroma ni njaa tu. Vifaranga wanadai chakula. Inaanza saa moja kwa sababu giza likiingia ndio wazazi wanatoka kuwinda, watoto wanajua sasa msosi uko njiani, wanapiga kelele mpaka washibe, na kwa kuwa wako wanne hawashibi kwa pamoja, basi inakwenda mpaka alfajiri. Wakiwa wakubwa zaidi kelele zitaongezeka kidogo kabla hazijaisha, nakwambia mapema usije ukashtuka wiki mbili zijazo ukadhani wameongezeka.

Kutolingana ukubwa nako hakuna ajabu. Mama bundi hutaga mayai manne mpaka saba hivi, anataga moja, anapumzika siku mbili, anataga lingine, lakini kulalia anaanza tangu yai la kwanza. Kwa hiyo la kwanza linaanguliwa baada ya kama siku 30, halafu wengine wanafuata kwa kupishana, na kifaranga wa kwanza anaweza kumpita wa mwisho kwa wiki nzima na zaidi. Panya wakiwa wengi wote wanapona. Panya wakipungua wale wadogo wanakufa njaa na wale wakubwa wanabaki, ni ukatili ukiangalia kwa jicho letu ila ndivyo ndege huyu anavyolinda uzao wake usife wote. Ukiniambia kwako wako wanne na bado wanapiga kelele kwa nguvu, mimi nasikia kitu kimoja, kwamba hapo mtaani kwenu panya wapo wa kutosha na wazazi wanafanya kazi.

Na hiyo sura kama ya mtu inayowatisha watu, kazi yake ni kusikia. Uso ule ni dishi la king'amuzi, yale manyoya yamepangwa kukusanya sauti na kuipeleka masikioni, na masikio yenyewe yamefichwa chini ya manyoya, moja liko juu kidogo kuliko lingine. Kwa tofauti ndogo ya muda wa sauti kufika sikio hili kabla ya lile anajua panya yuko kushoto au kulia, na kwa tofauti ya ukubwa wa sauti kati ya masikio hayo anajua yuko juu au chini. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Roger Payne, yule ambaye baadaye alikuja kujulikana sana kwa habari za nyimbo za nyangumi, kazi yake ya ujana ilikuwa ni hawa bundi, aliwaweka kwenye chumba cha giza totoro na kuonyesha kwamba wanadaka panya kwa kusikiliza tu mchakacho wa majani. Halafu manyoya ya ukingo wa mbele wa bawa lake yana meno meno kama ya kitana na juu yana ulaini wa mahameli, upepo unapita bila kupiga kelele, ndio maana anapita juu ya kichwa chako humsikii. Mtu akiona kitu cheupe kinapita usiku bila sauti, kina uso, kinatokea kwenye nyumba isiyomalizika, unategemea aseme nini? Mimi simlaumu mama mkwe wako.

Ila twende kwenye huo msiba. Bundi wa aina hii anakaa eneo moja na analia usiku mwingi wa mwaka. Sasa usiku ambao hakuna aliyekufa nani anakumbuka kwamba bundi alilia? Hakuna. Akilia siku tatu kabla ya babu kufariki, hapo inakuwa stori ya ukoo mpaka wajukuu. Kuna na jambo lingine la kawaida kabisa, zamani nyumba yenye mgonjwa mahututi ndio nyumba pekee kijijini ambayo usiku wa manane watu wako macho na taa inawaka, kwa hiyo ndio pekee wanaomsikia bundi, wengine wamelala fofofo. Taa inavuta wadudu, mabaki ya chakula cha waliokesha yanavuta panya, bundi anafuata panya. Mgonjwa akifariki alfajiri, aliyebeba lawama ni ndege.

Na huu woga hauko kijijini tu, msidanganyane. Januari 2019 bundi aliingia ukumbi wa Bunge pale Dodoma, akatua juu, na ikabidi Spika wa wakati ule, Job Ndugai, awatulize wabunge kwamba kwa mila za Dodoma bundi akionekana mchana hana madhara. Bunge la nchi nzima hilo. Kwa hiyo mama mkwe hana ushamba wowote, ana kitu ambacho wengi wetu tunacho ila tumevaa suti juu yake. Na kama nyumba yenu ni ya Waislamu, muulizeni shehe wenu kuhusu hadithi ile inayokanusha tiyara na hama, yaani kutafuta uchuro kwa ndege, atawaeleza vizuri kuliko mimi. Mara nyingi mzee anayekataa maneno ya mtu wa ndege anayapokea ya shehe au ya mchungaji, na hakuna ubaya, tumia mlango ulio wazi.

Sasa hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine zote. Umeandika katikati ya sentensi, kama jambo la kupita, kwamba mama ameanza kumtaja bibi jirani. Bundi darini ni ishu ya muda mfupi. Jina la bibi kizee likishatajwa mtaani na uchawi linaweza lisitoke tena, na nchi hii tumezika wazee wengi, hasa akina mama wa Kanda ya Ziwa, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa jikoni na jirani aliyefiwa. Mtoto mchanga akipata homa tu ya kawaida wiki ijayo, na wanapata homa wote, hayo maneno yatakuwa yameshaiva. Kwa hiyo hili lisisubiri. Na usiende wewe mkwe kumkabili mama, utaonekana huna adabu na utapoteza hoja, aende mwanaye, mume wako, amketishe peke yao, kwa upole, amwambie mama, huyu ndege kaingia kwa sababu sisi hatujaziba pale juu, tundu ni letu, tafadhali jina la bibi wa watu lisitoke humu ndani. Kama kuna shangazi au wifi anayesikilizwa, mpigieni naye. Ikitokea maneno yameshatoka na watu wameanza kumtazama yule bibi vibaya, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mapema na mtoe maelezo wenyewe kwamba ni ndege na mnafahamu alikoingilia, na kukiwa na vitisho vya aina yoyote hapo ni polisi, sio suala la ndege tena.

Tuje kwenye sumu, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea kwa nia njema. Sumu za panya mtaani ziko za namna mbili kubwa. Kuna ya haraka, ule unga wa kijivu cheusi wenye kaharufu ka kitunguu saumu, zinki fosfaidi, ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi na panya anakufa upesi. Na kuna ya taratibu, zile punje au vipande vya rangi rangi, pinki, bluu, kijani, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isigande. Mwili una mtindo wa kuitumia vitamini K tena na tena kutengeneza vigandishi vya damu, sumu hii inakata ule mzunguko, akiba ikiisha panya anavujia damu kwa ndani. Lakini akiba haiishi siku hiyo hiyo. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku tatu mpaka wiki, na katikati hapo anaendelea kurudi kula, anajaza sumu kwenye ini kuliko kiasi cha kumuua, halafu anazubaa, anatembea mchana kweupe, anashindwa kukimbia. Ndiye huyo bundi anamdaka kwanza, kwa sababu ni rahisi kumpata. Analeta darini, watoto wanakula. Na sumu kama brodifakumu inakaa kwenye ini miezi, kwa hiyo panya mmoja mwenye sumu asipomuua bundi, wanaofuata wanaweza kumuua.

Unaona ilivyo kichekesho cha huzuni, unaweka sumu kupunguza panya, unaua anayekula panya, na panya wanarudi kabla ya bundi kwa sababu wao wanazaa haraka. Panya shamba wetu huyu wa Tanzania, ambaye watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapo hapo Morogoro wamemfuatilia kwa miongo, mimba yake ni kama wiki tatu tu na anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Bundi hawezi kushindana na spidi hiyo ya kurudi.

Ile nyama ya jirani yako ndio mbaya zaidi. Bundi huyu karibu hali nyama ya kuokota, anataka kitu kinachotembea, kwa hiyo uwezekano mkubwa nyama itabaki darini ioze, iliwe na paka wa mtu, au idondoke kwenye upenyo wa siling mahali mtoto atakapokuja kutambaa miezi michache ijayo. Na vile vipakti vya machinga visivyo na lebo hujui ndani kuna nini, viuatilifu vinatakiwa viwe vimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na lebo isomeke. Ikitokea mtoto yeyote kaokota na kuweka mdomoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo na beba kipakti, usisubiri aonekane anaumwa, maana hii ya taratibu inaonyesha dalili siku kadhaa baadaye na tiba yake ya vitamini K wanayo madaktari, sio maziwa. Kuhusu mliyoweka mwezi uliopita, angalieni tu. Kelele zikikatika ghafla zote usiku mmoja wakati bado vifaranga wana manyoya laini ya utoto, mumeo apande na glavu na barakoa aangalie, wakiwa wamekufa muwatoe na kuwafukia shimo refu mbali na mbwa.

Na Jumamosi ya fundi? Akiziba sasa, wazazi wanabaki nje, vifaranga ndani. Watalia kwa njaa siku nne tano mpaka wafe mmoja mmoja, wazazi watakuwa juu ya bati kila usiku wanapiga ule mlio wao mkali na kutafuta pa kuingilia, halafu wiki inayofuata harufu, inzi, na funza wanaodondoka kwenye maungio ya gipsamu. Mama mkwe hapo ndio ataamini balaa limefika, na sitakuwa na la kumwambia. Njia ya pili, kuwahamishia kwenye boksi nje karibu na tundu, inawezekana ila sio ya kujaribu mwenyewe, mara nyingine wazazi wanakubali mara nyingine wanasusa, na wanyamapori nchi hii wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kuwakamata au kuwaua bila kibali ni kosa. Hiyo iache kwa hali ya lazima, mfano paa linataka kuanguka au mnaezua.

Inabaki kusubiri, na sitaki nikuuzie kusubiri kama jambo tamu. Kutakuwa na kelele. Kutakuwa na harufu, sio kali ya mzoga ila ipo, ya mkojo mkojo, na kama kiota kiko juu ya gipsamu utaona doa la njano, hilo utapaka rangi baadaye. Hamisheni kitanda cha mtoto chumba cha upande mwingine kama mnacho, kwa ajili ya usingizi wako zaidi, maana watoto wachanga wanalala kwenye kelele kuliko sisi. Bundi hatashuka chumbani kumfuata mtoto, uzito wake wote ni gramu mia tatu mpaka mia nne hivi, anameza panya mzima mzima, mtoto wa binadamu sio kitu cha kuingia akilini mwake. Hatari pekee ya kuumia ni kucha, na hiyo ni kwa atakayeenda kuwashika, kwa hiyo mumeo asipande pande kila siku kuwamulika, mara moja imetosha.

Kinyesi ndio swali la maana kiafya. Kinyesi cha ndege na cha popo kikirundikana muda mrefu gizani kwenye unyevu kinaweza kuotesha kuvu ambayo vumbi lake likivutwa linaleta ugonjwa wa mapafu. Uzao mmoja wa bundi sio sawa na popo waliokaa miaka kumi, ila siku ya kusafisha mfuate utaratibu, barakoa, glavu, mnyunyizie maji kwanza vumbi lilale, mzoe kwenye mfuko, kufagia kukavu marufuku, na mtoto na mama mkwe siku hiyo waende kutembea kwa ndugu. Kama mnakinga maji ya mvua ya bati kwenye simtanki, kwa kipindi hiki yawe ya kufulia na kudekia, ya kunywa mchote kwingine. Na tukilinganisha, panya ndio wa kuogopwa zaidi kwenye nyumba yenye mtoto, mkojo wake kwenye vyombo, viroboto wake. Lushoto walihangaika na tauni kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilikuwa inapita kwa panya na viroboto, sio kwa bundi.

Je basi bundi atawamalizia panya? Hapana, na wanaotangaza hivyo wanawadanganya. Mkubwa mmoja anakula kama watatu wanne wadogo kwa usiku, akiwa na watoto wanne anabeba zaidi ya hapo, inapunguza, haimalizi. Malaysia kwenye mashamba ya michikichi wamewawekea masanduku ya kuzalia, Israeli walianza kwenye kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, ya Sde Eliyahu mwaka 1983 na baadaye wakulima wa Jordan wakaingia, na wanaendelea nayo kwa sababu inasaidia kupunguza sumu shambani. Lakini kuna upande wa pili ambao wapenda ndege wenzangu hawaupendi, Shelisheli waliletewa bundi hawa kutoka Afrika karibu na mwaka 1950 ili wale panya, bundi wakagundua ndege weupe wa baharini ni rahisi kudaka kuliko panya, na mpaka leo kule wanahesabika kama tatizo. Ndege hana mkataba na sisi. Kwa hiyo panya wenu wapigeni pande zote, unga na pumba kwenye ndoo zenye mfuniko, makombo ya mbwa yasilale nje, mitego ile ya kubana kando ya ukuta, majani marefu nyuma ya nyumba yafyekwe. Boma likiwa safi na bundi yupo juu, hapo utaona tofauti.

Kuna kitu kimoja cha kufanya na mama mkwe ambacho kimefanya kazi kwa watu wengi ninaowafahamu kuliko hotuba yoyote. Bundi hawezi kuyeyusha mifupa na manyoya, anavikusanya tumboni na kuvitapika kama kibonge cheusi cha ukubwa wa kidole gumba. Chini ya tundu au kwenye kenchi anayotua vitakuwepo. Mumeo aokote viwili vitatu kwa glavu, mviloweke kwenye maji ya moto yenye dawa ya kuua vijidudu, uani, mvipasue kwa vijiti. Ndani mtakuta mafuvu ya panya, na yale meno ya mbele ya rangi ya chungwa, kila mtu anayajua. Mama aliyelima maisha yake yote anajua panya ni nini kwenye ghala, mwache ahesabu mwenyewe mafuvu, usimwambie neno. Jioni mketi nje saa kumi na mbili na nusu mkiangalia lile tundu, wazazi watatoka mmoja baada ya mwingine na baada ya muda utaona anarudi na kitu mdomoni.

Asipobadilika, sawa pia, hatumlazimishi mtu kumpenda bundi. Kuna bundi Tanzania ambaye watu wanatoka Ulaya na kulipa pesa nyingi kumtafuta, yule mdogo wa Pemba ambaye hayuko sehemu nyingine yoyote duniani, na yule wa Sokoke ambaye yuko misitu michache ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke na misitu ya chini ya Usambara Mashariki basi, na bado wenyeji wengi wanamkwepa. Kinachotakiwa kwenu ni muda mfupi wa kuvumiliana tu.

Muda wenyewe mtaujua hivi. Wanaruka mara ya kwanza wakiwa na kama wiki nane, halafu wiki kadhaa wanatoka na kurudi kulala, kwa hiyo kuwaona nje mara moja sio ruhusa ya kuziba. Sikilizeni mpaka kuwe kimya wiki nzima, mkae nje jioni mbili tatu mhakikishe hakuna anayetoka, mumulike ndani mara ya mwisho, ndipo fundi anaitwa. Amalizie fisha bodi yenyewe, na penye upenyo wa hewa aweke wavu wa chuma wa matundu madogo, sio saruji kila mahali mkaja kupikwa na joto la bati. Msichelewe sana kuziba, panya wakiwa wengi hurudia kuzaa humo humo. Kama mnapenda wabaki jirani, fundi huyo huyo atengeneze sanduku la mbao, upana kama sentimita 40, urefu 60, tundu la sentimita 13 hadi 15 upande mmoja juu, litundikwe mtini au kwenye ukuta wa mbali, juu mita nne na kuendelea, mgongo uelekee mvua inakotokea. Amani ya nyumba haitoruhusu? Acha, bundi atajitafutia.

Kifaranga akianguka kabla ya wakati, msimpe ugali wala maziwa. Mfunikeni kitambaa, mvae glavu, mumrudishe juu mchana huo huo, ile habari kwamba mzazi atamkataa kwa harufu ya mkono wa mtu sio kweli. Akiwa na jeraha, bawa limening'inia au anatoka damu mdomoni, boksi la karatasi lenye matundu, sehemu ya giza na kimya, na mpigie afisa wanyamapori wa manispaa au ofisi iliyo karibu ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, SUA pia pana madaktari wa wanyama. Na asitokee mtu kuwashawishi awanunue, mayai au manyoya au kifaranga mzima, kwa ajili ya dawa sijui ya nini, watakuja hao wakishasikia, jibu ni hapana na namba ya afisa mnayo. Mtoto akipata kikohozi kisichoisha au homa, ni kliniki kama siku zote, umweleze daktari na habari ya darini ajue, na msiingize bundi kwenye maongezi mengine yoyote hapo nyumbani.